Shatavari kwa mama anayenyonyesha: kuichagua, kuichemsha na kujua wakati wa kuiacha

Zamani shatavari, mzizi wa dawa wa Kihindi, uliifuata mwenyewe kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, na mwenye duka alikuuliza kwanza ni ya nani. Siku hizi inakufuata kwenye simu. Inakuja na sifa ambazo hata waliozaliwa nayo hawajawahi kuipa: inazibua mirija, inayeyusha uvimbe, inasafisha kizazi. Mimi nimeinywa baada ya uzazi wangu wote wawili, mara ya kwanza ovyo na mara ya pili kwa utaratibu. Haya nayaandika kwa dada mwenye mtoto mchanga kifuani na mfuko wa unga mezani, asiyejua aanzie wapi.

Nitakaa zaidi kwenye kunyonyesha, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo wanawake wa India wameitegemea kwa muda mrefu kuliko zote. Matumizi mengine nitayagusa kuelekea mwisho.

Mzizi wenyewe

Shatavari ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, wenye miiba iliyopinda, na wataalamu wa mimea wanauita Asparagus racemosus. Ni ndugu wa ile asparaga inayoliwa kama mboga. Vile vinavyoonekana kama majani membamba mithili ya sindano ni vijitawi. Maua yake ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Dawa iko chini ya udongo: kichane cha mizizi minene, kila mmoja umechongoka pande zote mbili kama muhogo mdogo uliokonda, nayo inaweza kuwa mingi mno kwenye shina moja. Kwa Kisanskriti *shata* ni mia. Kuna wanaolifasiri jina hilo kuwa "mwenye mizizi mia", na wengine husema "mwenye waume mia". Watamili wanauita *tannirvittan kizhangu*, kiazi kinachotoa maji, kwa sababu ukiuvunja ukiwa mbichi unachuruzika. Wakannada wanauita *majjige gadde*, kiazi cha maziwa ya mtindi, kwa kuwa wanauponda na kuunywa ndani ya mtindi mwepesi.

Katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, mzizi huu unahesabiwa kuwa mtamu wenye uchungu kidogo, mzito tumboni, wenye utelezi, na wa baridi. Ndiyo maana hupewa mtu aliyekauka au anayewaka ndani: mzazi, mwenye kiungulia, mwanamke ambaye hedhi inamkimbia. Liko jambo moja katika elimu hiyo ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalitaji kabisa. Ayurveda inafundisha kwamba maziwa ya mama yanazaliwa na *rasa*, ule utomvu wa kwanza unaotokana na chakula kilichosagika tumboni. Mama asipokula, mzizi hauna cha kugeuza kuwa maziwa. Wenye dawa yao wanaanzia kwenye sahani.

Jirani yetu wa Kigujarati pale Upanga, ambaye mtaa mzima tulimwita Ba, alivyoitwa na wajukuu zake, hakuwahi kumpa mzazi shatavari peke yake. Alimpikia kwanza *katlu*: samli, sukari guru, gundi ya kuliwa, lozi, na unga wa viungo vingi uitwao *batrisu*, jina lililotokana na thelathini na mbili. Ukitazama vizuri utaona ni yaleyale ya bibi zetu wa pwani, uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji na uwatu. Mzazi analishwa, anakandwa, analazwa. Dawa inakuja juu ya hayo.

Hatua ya kwanza: hakikisha maziwa ni machache kweli

Mwanangu wa kwanza alilia usiku na mchana wiki mbili za mwanzo. Nilikata shauri kwamba sina maziwa. Nikanunua unga usio na jina wala tarehe, nikaukoroga kwenye maji ya moto vijiko vitatu vitatu, nikaharisha, nikazidi kuchoka. Siku ya kliniki nesi mmoja aliniambia nikae, nimshike mtoto mbele yake. Alitazama kidogo tu. "Mama, anavuta chuchu tupu. Mwache afungue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha umlete." Akamgeuza tumbo kwa tumbo, kidevu kikagusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikaingia mdomoni. Nilisikia maziwa yakishuka nikiwa bado nimeketi palepale.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, angalia haya. Mtoto wa siku tano na kuendelea anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku na usiku wake, mkojo ukiwa mweupe usionuka sana. Ukimnyonyesha unasikia anameza. Uzito alioupoteza siku za mwanzo huwa umerudi akifika wiki mbili hivi, na kadi ya kliniki itakuonyesha. Akiwa hivyo, maziwa unayo, hata kama matiti ni laini, hata kama analia jioni, hata kama mama mkwe anasema titi halijajaa.

Siku mbili tatu za kwanza kinachotoka ni dang'a, kidogo na cha manjano, na ndicho anachohitaji. Usikikamue ukakimwaga, wala usianze kuhangaika na unga wowote wakati huo, kwa maana maziwa mengi yenyewe hushuka kati ya siku ya pili na ya nne.

Kama kweli ni machache, anza na mtoto mwenyewe. Titi linatengeneza kadiri linavyotolewa. Mnyonyeshe mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, na usiruke usiku, kwa sababu homoni ya prolaktini, inayouamuru mwili utengeneze maziwa, hupanda zaidi usiku. Titi moja liishe ndipo umpe la pili. Kunyonyesha kusiume. Kukiuma, mara nyingi mshiko haujakaa sawa. Fanya hivi siku tatu nne huku unakula na kunywa vya kutosha. Wengi wetu tunaishia hapa na unga hatuuhitaji.

Mtoto anayelala mno asiamke kunyonya, asiyekojoa, mwenye macho ya manjano yanayozidi, au anayepungua uzito, huyo apelekwe hospitali leo. Usikae nyumbani ukisubiri shatavari ifanye kazi.

Hatua ya pili: jiulize kama wewe unaruhusika

Hapa sitazunguka. Mjamzito asinywe. Najua India wapo wanaompa mjamzito tangu kale, na wauzaji wanalitangaza hilo kwa fahari. Lakini mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa panya waliopewa dondoo la mzizi huu, yaani dawa yake iliyokamuliwa ikakolezwa, wakati wa mimba, na vijusi vilionekana kudhurika. Panya si binadamu, na dondoo si kijiko cha unga. Hata hivyo mimba ni miezi tisa tu, na sioni sababu ya kumjaribia aliye tumboni.

Aliyewahi kuvimba, kuwashwa au kubanwa pumzi kwa asparaga, vitunguu saumu au vitunguu maji asiiguse kabla ya kuonana na daktari, maana mimea hii ina udugu. Mwenye saratani ya titi au ya kizazi inayochochewa na homoni, au aliyewahi kuwa nayo, naye aiache, kwa kuwa mzizi una kemikali za aina ya saponini, ziitwazo shatavarini, na zinadhaniwa kugusa njia za homoni. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, za kisukari au lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, amuulize daktari kwanza: shatavari yenyewe inaongeza mkojo, na lithiamu ikikwama kwenye damu ni hatari. Mwenye figo au moyo unaosumbua, hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: kununua

Sokoni utaikuta kwa sura nne. Kuna vipande vya mizizi mikavu, rangi ya maziwa yaliyoiva, vyenye mikunjo ya urefu. Kuna unga. Kuna vidonge vya unga huohuo au dondoo lake. Na kuna *kalpa*, chengachenga tamu za sukari, shatavari na hiliki, ambazo Wahindi wengi ndizo wanazozijua tangu utotoni kwa kuziona mezani kwa mama zao.

Ukipata vipande vya mizizi, chukua hivyo. Unaona unachonunua, na kuchakachua kipande kizima ni kazi kuliko kuchakachua unga. Kipande kizuri ni kikavu lakini hakivunjiki kama kijiti, kinanyumbuka kidogo kabla ya kukatika, na ukikitafuna utamu unatangulia, uchungu hafifu unafuata, na mate yanakuwa na utelezi. Chenye madoa meusi au harufu ya uvundo mrudishie mwenyewe.

Unga ndio wenye matatizo. Mahitaji ya shatavari ni makubwa, mmea unachimbwa na mizizi yake, na porini India umepungua kiasi kwamba wakulima sasa wanahimizwa kuulima. Mizizi huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi ardhini kabla ya kuvunwa. Kitu kinachochelewa hivyo kikitakiwa na wengi, watu huchanganya: mizizi ya ndugu zake wengine wa jamii ya asparaga, au unga wa kitu kingine kabisa.

Lakini mchanganyo huo si ninaouogopa zaidi. Watafiti walinunua bidhaa 70 za Kiayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakazipima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2012 ikatangazwa habari ya wanawake 6 wajawazito mjini New York waliokutwa na risasi nyingi kwenye damu kwa sababu ya dawa za Kiayurveda walizokuwa wakimeza. Sisemi zilikuwa shatavari. Nasema risasi haina harufu wala ladha ya kukuonya, inapita kwenye maziwa, na ubongo wa mtoto mchanga haurudishi ilichoharibu. Baadhi ya dawa za Kiayurveda zinatiwa madini kwa makusudi, kufuatana na mafundisho yao yaitwayo *rasa shastra*. Nyingine zinachafuka kwenye udongo au kwenye mashine za kusagia.

Basi unaposhika mfuko, soma. Nataka nione jina la mmea kwa ukamilifu, Asparagus racemosus, na neno mzizi. Kiambato kiwe kimoja. Ukiona orodha ya vitu kumi na viwili, au neno *bhasma*, ambalo ni jivu la madini au mawe, rudisha. Nataka jina na anwani ya aliyetengeneza, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Namwuliza muuzaji kama ana cheti cha maabara cha toleo hilo kinachoonyesha vipimo vya madini mazito. Wengi watashangaa. Wachache watakitoa, na kwa hao ndiko ninakonunua hata kama bei imezidi. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, nalo husajili waganga na dawa za asili. Kuuliza namba ya usajili ni haki yako na wala si ukorofi.

Unga uliofungwa kwenye nailoni bila maandishi, ule niliounywa mimi mara ya kwanza, uache ulipo.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu nimeona picha zake zikisambazwa: mmea huu unaota pia porini Afrika, ikiwemo kwetu. Usiende kuuchimba. Asparaga za mwituni ziko za aina nyingi na zinafanana mno. Hata yale majani membamba yanayowekwa kwenye mashada ya maharusi ni asparaga ya aina nyingine, na vijitunda vyake vinaumiza tumbo.

Hatua ya nne: kuukagua nyumbani

Chota kijiko, kimwage kwenye sahani nyeupe mchana. Unga mzuri ni wa rangi ya krimu iliyofifia. Mweupe kama wa ngano, una neno. Wa kahawia au kijivu umezeeka au uliungua wakati wa kukaushwa. Unuse: harufu yake ni ya mizizi mikavu, hafifu. Gusa kidogo ulimini, utamu kwanza, uchungu baadaye. Kisha tia kijiko kwenye nusu kikombe cha maji ya vuguvugu na ukoroge. Unakuwa mzito kidogo na wenye mtelezo, kama uji wa bamia ulio mwepesi sana. Ukituama ukaacha mchanga chini, umesagwa na udongo.

Kukagua huku kunakukinga na unga mbaya na uliolala dukani. Risasi hakukuonyeshi, ndiyo maana hatua ya tatu nimeikazania.

Hatua ya tano: kupika

Shatavari inachukuliwa na maziwa na mafuta. Ba alikuwa akiniambia, "Dikri, ukiimeza na maji inapita, ukiimeza na maziwa inakaa." Dikri kwao ni binti.

Vitabu vya kale vina kanuni ya kuchemsha dawa ndani ya maziwa, iitwayo *kshirapaka*: sehemu moja ya dawa, nane za maziwa, thelathini na mbili za maji, zichemke mpaka maji yote yakauke yabaki maziwa. Kwa mizizi ndivyo ninavyofanya. Twanga vipande vya gramu 10 kwenye kinu mpaka vipasuke, si lazima viwe unga. Tia kwenye sufuria na maziwa mililita 80 na maji mililita 320. Moto mdogo, sufuria wazi, mwiko karibu. Itachukua muda mrefu, zaidi ya nusu saa, na usiondoke, kwa sababu maziwa yakishapungua hushika chini kwa ghafla. Yakibaki karibu moja ya tano ya ulichoanza nacho, chuja kwa kitambaa safi na ukamue makapi. Kile kikombe kidogo ndicho dozi ya siku. Makapi tupa.

Kwa unga ni rahisi. Kikombe kimoja cha maziwa, nusu kikombe cha maji, hiliki mbili zilizopasuliwa. Unga usiumwage kwenye maziwa yanayochemka, utafanya mabonge. Ukoroge kwanza kwenye kikombe na maziwa baridi kidogo mpaka uwe laini, kisha umimine sufuriani huku unakoroga. Chemsha polepole dakika kumi hivi, mpaka ile nusu kikombe ya maji iwe imepotea. Kijiko kidogo cha samli juu yake mwishoni ni kizuri kwa mzazi ambaye choo ni kigumu. Sukari guru kidogo ukipenda. Asali subiri ipoe kwanza, Ayurveda inakataza kabisa kuichemsha. Na asali ni yako wewe, mtoto chini ya mwaka mmoja asionjeshwe hata kwa ncha ya kidole.

Kama maziwa ya ng'ombe yanakujaza gesi au kukuharisha, na wengi wetu ndivyo tulivyo, tumia tui jepesi la nazi. Hilo ni langu, Ba hakuwa nalo, lakini mafuta yamo na utamu umo, na tumbo langu lililipokea vizuri kuliko maziwa. Lisichemke kwa nguvu, litakatika.

Kalpa ya nyumbani inataka mkono mwepesi. Weka sukari gramu 200 na maji nusu kikombe kwenye sufuria nzito, pika mpaka shira ivutike uzi kati ya vidole. Epua. Mwaga unga wa shatavari gramu 40 na hiliki iliyosagwa kijiko cha chai, kisha koroga kwa nguvu bila kusimama. Utaona shira inafifia, inakuwa nzito, halafu inageuka ghafla kuwa chengachenga. Ikipoa, saga mabonge kwa mkono na uhifadhi kwenye chupa kavu. Gramu 12 zake, kama kijiko cha mezani kilicho sawa, zina gramu 2 za mzizi. Mwenye kisukari, hata kile kilichompata wakati wa mimba, aikwepe hii.

Hatua ya sita: kipimo na siku

Kipimo kinachotumika sana cha unga ni gramu 3 hadi 6 kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kina kama gramu 3, lakini vijiko hutofautiana na unga pia, kwa hiyo ukiwa na mizani ya jikoni, pima mara moja ukumbuke unga unafika wapi kwenye kijiko chako.

Siku tatu za kwanza kunywa nusu kijiko tu, asubuhi, saa moja hivi baada ya kula. Unapima kama mwili unaukubali na kama mtoto yuko sawa. Hakuna upele, hakuna kuharisha, mtoto analala kama kawaida? Siku ya nne nenda kijiko kizima. Baada ya wiki, ukiona haja, ongeza cha pili usiku. Hapo ndipo mwisho. Vijiko vitatu kwa mpigo, nilivyofanya mimi, vinaleta tumbo zito na kuharisha, na mama anayeharisha anapoteza maji ambayo maziwa yanayahitaji.

Usianze shatavari na uwatu siku moja. Uwatu nao ni wa Ayurveda, ndio wanaouita *methi*, na kazi yao inakaribiana. Ukianza vyote, ukapata upele hutajua nani kauleta, na ukapata maziwa hutajua nani umshukuru.

Chukua daftari. Andika kila siku umenyonyesha mara ngapi, nepi ngapi zimelowa, na siku ya kliniki andika uzito. Titi kujaa ni hisia, inadanganya. Mizani haidanganyi. Jipe wiki mbili. Uzito wa mtoto usipopanda kwa wiki mbili hizo, tatizo haliko kwenye mzizi, na anayepaswa kutazamwa ni wewe na mtoto: ulimi uliofungwa, tezi ya shingo, damu iliyopungua, kipande cha kondo kilichobaki ndani. Haya yana tiba, na tiba yake si unga. Mtoto akipungua uzito kabla ya wiki hizo, usizimalize.

Utauliza: je, inafanya kazi? Majaribio yenyewe hayakubaliani. Mwaka 1996 madaktari wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha akina mama waliopewa dawa yenye shatavari na waliopewa isiyo na kitu, na hawakuona tofauti. Mwaka 2011 wengine wakachapisha jaribio la akina mama 60, na kwa waliokunywa mzizi prolaktini ilipanda mara kadhaa kuliko kwa wenzao, na watoto wao waliongezeka uzito zaidi. Yote mawili ni majaribio madogo. Mimi kwa mtoto wa pili nilihisi tofauti kufika siku ya sita, lakini safari hiyo mshiko ulikuwa sawa, nilikuwa nalala mchana, na mama yangu alikuwa jikoni kutwa nzima. Siwezi kuutoa mzizi kwenye hayo yote nikausifu peke yake.

Hatua ya saba: kuacha

Acha siku hiyohiyo ukiona vipele, midomo au uso kuvimba, kikohozi au kifua kubana. Midomo au uso kuvimba na kifua kubana ni ya kukimbilia hospitali. Acha ukiona miguu inavimba. Acha mtoto akianza kuharisha au kutokwa na upele ambao hauna sababu nyingine. Ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari kila unachokunywa, unga huu ukiwemo, wala usione haya.

Mambo yakienda vizuri, usiinywe kama chai ya maisha. Mimi niliinywa wiki sita, nikashusha kutoka vijiko viwili hadi kimoja, nusu, kisha nikaacha. Maziwa hayakukatika. Wakati huo titi lilishajua kazi yake.

Hedhi, ukomo wa hedhi, na mirija

Kwa maumivu ya hedhi na kwa ile miali ya moto inayompanda mwanamke anayekoma hedhi, Wahindi wanaitumia vilevile, unga na maziwa, na wapo wanaopata nafuu. Utafiti wa kuaminika ni mchache, kwa hiyo jaribu kwa kipimo hichohicho miezi miwili mitatu na upime mwenyewe. Anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi mwaka mzima asijaribu chochote, aende akapimwe.

Na mirija. Mirija ya uzazi huziba kwa kovu, mara nyingi la maambukizi ya zamani. Hakuna unga unaomezwa ukashuka kwenda kuukwangua mrija. Nimesoma ujumbe wa dada aliyekunywa "dozi ya kuzibua" mwaka mzima, kila mwezi akiambiwa aongeze chupa nyingine. Ule mwaka alikuwa na miaka 38. Pesa zile zingelipa kipimo cha picha ya kizazi, na angejua ukweli wake kwa siku moja. Uvimbe wa fibroidi hali kadhalika: shatavari haiuyeyushi, na kwa kuwa inadhaniwa kugusa homoni, mwenye fibroidi asiinywe bila daktari wake kujua.

Kuhifadhi

Unga unavuta unyevu, na hewa ya pwani itaugeuza bonge ndani ya wiki ukiuacha kwenye mfuko wake. Uhamishie kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, kifuniko kikaze, uweke mbali na jiko na jua. Kijiko cha kuchotea kisiwe na tone la maji. Bandika karatasi yenye tarehe uliyofungua na namba ya toleo uliyoikata kwenye mfuko, ikitokea shida uwe na cha kuonyesha. Ukifungua, umalize ndani ya miezi sita. Ukiona ukungu, mwaga wote, usiondoe juu ukabakiza chini. Mizizi mizima inakaa zaidi, mwaka na kitu, mradi uitazame kama haijaingia wadudu.

Chupa yangu ya pili ilibaki na robo. Nilimpelekea Ba. Aliinusa, akachota kidogo akaweka ulimini, akaitikia kwa kichwa, kisha akaiweka kwenye rafu karibu na hiliki. Naye, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa bado anainywa mara mojamoja usiku, nusu kijiko kwenye maziwa, kwa ajili ya kiungulia.